Droni ndogo, ya katikati, FPV ao krani: plani ya juu utaikamata na nini hapa Lubumbashi?

Mwaka jana tulienda Makwacha, ile kijiji ya ku pembeni ya Lubumbashi kwenye wamama wanachora manyumba yao na udongo wa rangi wakati wa kiangazi, maua, ndege, mistari, kila ukuta na mambo yake. Realizatere alikuwa ananichosha tangu mu motokari, "vye, mi nataka ianze juu kabisa, sawa ndege", bon, nikapandisha droni mpaka metre 60, nikaangalia ku ekrani: majani. Mapaa ya majani tu, kahawia juu ya kahawia, kuku mbili, na mama mumoja mwenye aliweka mukono juu ya macho kutuangalia. Rangi yote iko ku ukuta na ukuta haiangalii mbinguni. Plani yenye ilibakia mu filme njo ile tulikamata na krani ya vyuma, kamera ikaanza chini, karibu na vidole vya mama vinachovya mu udongo mweupe, ikapanda polepole ikifuata ule mustari wenye alikuwa anachora, mpaka ikafika juu ya paa. Metre 4 hivi. Haikupita hapo.

Sisemi droni ni mbaya, droni njo inalisha batoto wangu. Ila kila wiki kuna peti mumoja anakuja na dola zake kafunga mu mufuko ananiuliza "vye, ninunue gani?", na mi ninamurudishia ulizo: plani yako inataka kuonyesha nini, na siku ile kutakuwa nini pale chini? Akishajibu hapo, mashini inajichagua karibu yenyewe.

Hii maandishi ni ya wale wamekwama pale. Nitaweka namna tano, droni ndogo, droni ya katikati, FPV (ile unairusha na lunete usoni), ile kubwa ya sinema, na krani ya chini yenye haina elisi hata moja, na kila moja nitaipima kwa mambo yale yale.

Mambo yenye ninaangalia

Ya kwanza ni mwendo: kamera inatoka wapi inaenda wapi, inapanda tu, inazunguka, inaingia mu mulango? Ya pili picha yenyewe, na hapa kwetu picha maana yake jua, juu saa sita ya Lubumbashi haina huruma. Alafu hewa na upepo, tuko juu ya metre 1200 kutoka bahari, hewa iko nyepesi kidogo, elisi inatumika zaidi, na mwezi wa 8 upepo unafika. Alafu batri na umeme, juu delestaje tunaijua wote na batri tatu hazijai kwa kuomba Mungu. Alafu kelele. Alafu watu wenye wako chini, pamoja na karatasi za ruhusa. Mwisho feza, na feza haiko bei ya kununua tu, iko bei ya kuanguka pia.

Kuhusu karatasi niseme mara moja, juu mi ninazihesabia droni zote sawa, ya gramu 249 na ya kilo 4. Anga ya kiraia ya Kongo iko mu mikono ya AAC, njo kule kunaanzia. Alafu mi ninapitia ku watu wa usalama, ku meri, na ku mwenye fasi yenyewe. Upande wa Luano ndege zinashuka, usijaribu. Kambi za jeshi, mupaka, makarieri ya madini, vilevile, ata kama aplikasio ya telefone inakuonyesha kijani. Aplikasio haitakuja kukutoa ku posti ya polisi. Na mukubwa wa kartie umusalimie mbele, umuonyeshe mashini, umuachie aangalie ku ekrani dakika mbili. Iyi ya mwisho haiandikwe popote lakini imeniokolea siku mingi kuliko makaratasi yote.

Wandugu wa Goma na Bukavu munajua kuliko mimi: kule vita imeshaleta droni za kijeshi, mutu akisikia ule mulio juu ya paa yake hawazi sinema. Hapo mi ningeenda moja kwa moja ku krani, na ku nyumba ya etaje yenye iko na paa ya simiti.

Droni ndogo, ya kukunja, chini ya gramu 250

Mfano wenye ninajua vizuri ni DJI Mini 4 Pro, ilitoka Septemba 2023, gramu 249, ku Marekani ilianza na dola 759, uongeze safari na dwane. Mpya kuliko hiyo zimeshatoka, lakini zile za zamani njo zinauzwa mukono wa pili, na mambo ya kuangalia ni yale yale.

Mwendo wake: kupanda, kushuka, kuzunguka mutu, kurudi nyuma kuonyesha kwamba yule mutoto mwenye anakaa peke yake ku mulango kumbe iko katikati ya kartie nzima. Ile plani ya kurudi nyuma kila mutu anaipenda mpaka imechosha, lakini ikifanya kazi inafanya. Kitu kimoja chenye hii ndogo inashinda hata ile ya katikati yenye inafuata hapa chini: kamera yake inageuka, inakamata wima kabisa, bila kukata picha. Kwa watu wanafanya klipu za telefone na status, hiyo peke yake inatosha kuichagua.

Picha: sensa ni ya inchi 1/1.3, 4K mpaka picha 60 kwa sekunde, na 100 kwa ile mwendo ya polepole. Nzuri sana, asubuhi na jioni. Saa sita njo matata inaanza, na watu mingi hawajue kwa nini video yao inaonekana kama ya telefone ata kama mashini ni ya bei. Tuangalie pamoja. Ukikamata picha 25 kwa sekunde, macho inapenda kila picha ibakie wazi 1/50 ya sekunde hivi, njo mwendo unakuwa laini. Sasa hii droni objektifi yake ni f/1.7, tundu kubwa la kuingiza mwangaza, na haifungi, iko vile siku yote. Jua ya kiangazi, ISO 100 ile ya chini kabisa, bila kitu mbele ya kioo, kamera itakimbilia karibu 1/8000 ili isiungue. Kila picha inakuwa kali sawa kisu, na ukiziunga pamoja, motokari zinaruka-ruka, miguu ya watu inakatika, na ile mavumbi ya komini yetu ya Kenya yenye ulitaka iendelee polepole inakuwa punje-punje. Dawa ni filtre ND, ile kioo nyeusi. ND64 inakata mwangaza mara 64, unarudi karibu 1/125, bado. ND128 unakuwa ku 1/60 hivi, hapo uko nyumbani. ND256 inakupeleka ku 1/30, inakuwa laini kupita kidogo lakini inakubalika. Kama hauna feza ya filtre, basi kazi yako ifanyike mbele ya saa mbili ya asubuhi na nyuma ya saa kumi na moja, na kwa kweli ata wenye filtre wangefanya hivyo.

Upepo: fabrika inasema inavumilia metre 10.7 kwa sekunde, ni kama kilometre 38 kwa saa. Itavumilia, ndiyo, haitaanguka, lakini kuvumilia na kukamata plani nzuri ni vitu viwili. Utaiona inainama, inapigana, na ku picha mustari wa mbali unacheza. Batri wanaandika dakika 34. Hiyo 34 ni ya mahali hakuna upepo na hakuna mutu anakupigia kelele. Mi nahesabia 22, ile yenye inabakia ni ya kurudi.

Na baridi. Mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi hapa iko baridi yenye watu wa nje hawaamini kama ni Afrika. Batri ikilala mu motokari, asubuhi inaonyesha 100, unapandisha, nyuma ya dakika tatu inaanguka ku 60 na mashini inaanza kulia. Batri ninalala nazo mu chumba, na asubuhi ninaziweka mu mufuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Mbele ya kuondoka ninaiachia ining'inie metre 2 kutoka chini dakika moja, ipate moto.

Kelele yake ni ndogo, metre 40 juu watu karibu hawaisikie kama kuna muziki. Inafaa mutu mwenye anaanza, mwenye anafanya reportaje na moto-taxi, mwenye anafanya klipu na arusi peke yake. Haifai mutu mwenye atapewa kazi ya televizio ya nje na wanamuomba avute rangi sana ku montaje, itavumilia kidogo tu alafu mbingu inaanza kuonyesha ngazi-ngazi.

Droni ya katikati

Hapa nasema DJI Mavic 3 Pro, ya Aprili 2023, gramu 958, ilitoka na dola 2199. Kuna watu watasema ni ile ndogo yenye imekula bukari. Hapana. Kuna vitu viwili vyenye vinabadilisha kazi kabisa.

Cha kwanza, sensa yake kubwa ya 4/3 na objektifi yenye inafungua na kufunga, f/2.8 mpaka f/11. Rudia ile hesabu yetu ya saa sita: unafunga ku f/5.6, unaweka ND16, umefika ku 1/50. Wingu likipita haushushi mashini kubadilisha kioo, unacheza na kufunga tu. Ku chantier, na watu makumi mbili wanakungojea, hiyo ni feza.

Cha pili, na mimi njo kilinifanya niuze ile ya kwanza: iko na kamera tatu, ya milimetre 24, ya 70 na ya 166, namba ikipanda inavuta vya mbali karibu zaidi. Ile ya 70 ni ndoa yangu. Na 24 kila kitu kinakuwa mbali na kidogo, unalazimika kukaribia watu, ukikaribia wanasikia, wakisikia wanaangalia juu wote pamoja na kupunga mikono, plani imekufa. Na 70 unakaa mbali, wanaendelea na mambo yao, alafu kitu cha nyuma kinakuja mbele. Terili ya Gécamines, ule mulima mweusi wenye kila mutu wa hapa anajua, na 24 inaonekana kama kichuguu pale mwisho wa mapaa. Na 70 inasimama nyuma ya nguo zenye zinakauka ku lupango ya mutu sawa ukuta. Ukizunguka polepole, nguo zinaenda upande moja, mulima unaenda upande mwingine. Nilirudia ile plani mara nne, na mara ya nne mama mwenye nguo alitoka kuzianua juu alifikiri mvula inakuja, njo tuliiweka mu filme.

Upepo metre 12 kwa sekunde, si tofauti kubwa ku karatasi, lakini uzito unaisaidia isitetemeke. Batri wanasema dakika 43, mi nahesabia 30. Batri mbili za hii zinafanya karibu kazi ya tatu za ile ndogo, na ku siku ya gurupu unashukuru. Kelele iko zaidi, mulio wa chini, mbwa wanaijua.

Matatizo: haigeuki wima, utakata picha. Ikianguka ku kichwa ya mutu, karibu kilo moja, haiko mambo ya kucheka, na mimi juu ya arusi ao misa ya nje siipitishi juu ya watu, ninakaa pembeni na ile ya 70. Na ikianguka ku muti ni maumivu ya dola 2000. Iliniangukia, nikubali. Ilikuwa upande wa njia ya Kipushi, niliacha kurudi-yenyewe ku metre 25, sababu siku ya mbele tulikuwa mu fasi ya wazi. Signali ikakatika nyuma ya nyumba, mashini ikafanya vile niliiambia: ikapanda metre 25, ikageuka, ikaja moja kwa moja nyumbani, na mbele yake kulikuwa kalitusi ya metre 30 na kitu. Kijana mumoja alipanda na bambu, watu wote wa avenyu wakawa realizatere, "kushoto, kushoto, hapana, ile tawi!". Mukono mudogo wenye unashika kamera ulikuwa umevunjika. Tangu ile siku, mbele ya dekolaje naangalia kitu kirefu kuliko vyote, muti, poto, antena, naongeza metre 20 juu yake, njo naandika mu telekomande.

Inafaa mutu mwenye kazi yake inalipa: dokumentere, pub, ONG, filme ya hadisi. Kama hauna kazi mbili ao tatu za hakika kwa mwezi, usinunue, panga pamoja na mwenye anayo na ulipe siku.

FPV ya mikingo

Hii ni ile unavaa lunete usoni, unaruka kama uko ndani. Kwa kazi ya karibu na watu tunasema paka zile zenye elisi zimefungwa mu mikingo ya plastiki, kama DJI Avata 2 ya Aprili 2024, gramu 377. Zile za wazi, za kufuata motokari ya mbio, ni dunia ingine na vidole vingine.

Mwendo wake hakuna kingine kinaweza. Doti moja mu Katuba tulifanya plani moja bila kukata: inaanza barabarani na wajomba wanashuka mu motokari na makreti ya vinywaji, inaingia mu mulango wa lupango, inapita juu ya sufuria ya bukari pale mwiko wa mama unazunguka na mvuke unapanda, inapita chini ya kamba ya nguo, inaingia dirishani, inamukuta bibi arusi anafungwa kitambaa. Sekunde 40. Familia iliangalia ile sekunde 40 mara mingi kuliko saa tatu ya video yote.

Lakini sasa hesabu vile ilikuwa: tulirudia mara kumi na moja. Mara ya tatu ilipuliza serviete zote za ku meza. Mara ya tano shangazi alisimama katikati akauliza "ile kitu inauma?". Sababu ya mvuke ilipata mayi ku kioo, tukapanguza. Batri wanaandika dakika 23 lakini ukiruka namna hii, kuharakisha na kusimama, uko na 12 mpaka 15, njo batri nne zikaisha. Na wakati wote nilikuwa na ndugu mumoja kazi yake paka kuangalia na macho yake, juu mimi mwenye lunete sioni kitu chochote pale nimesimama, mutoto anaweza kuja kuniondolea viatu.

Picha yake ni nzuri, sensa ya ukubwa ule wa Mini, wazi sana pembeni, haina 70, haina kufunga. Upepo wa nje inausikia. Kelele: mbaya, ni kama nyuki wenye hasira mu ndoo, usifikirie sauti ya watu siku ile, utaiweka ku montaje. Bei ya kutoka ilikuwa dola 999 pamoja na lunete, lakini bei ya kweli ni masaa. Mbele ya kuleta hii mu nyumba ya watu fanya wiki mingi ku simuleta ya ordinatere, ata ukiwa bingwa wa droni za kawaida, juu hapa vidole vinaanza upya.

Inafaa arusi, sale ya feti, klipu, kutembeza nyumba ya kuuza, hoteli, eglize ndani. Haifai mutu mwenye anataka plani ya utulivu.

Droni kubwa ya sinema, na helikopta

Hapa nitapita haraka juu wengi wetu tutaikamata mukononi mara moja ao mbili mu maisha. Inspire 3, Aprili 2023, karibu kilo 4, sensa kubwa ya 8K, objektifi za kubadilisha, ilitoka na dola 16499 mbele ya dwane. Batri zinaingia mbili-mbili, dakika 28. Raha yake haiko 8K, raha yake ni watu wawili: mumoja anaendesha, mwingine anakamata kadre na telekomande yake. Ukishafanya kazi namna hiyo unaelewa kwa nini peke yako plani zako za kufuata motokari zinakatika, kichwa kimoja kinafanya kazi mbili. Upepo inacheka. Kelele ni ya shamba la mahindi likisagwa. Watu chini: unafunga njia. Inafaa prodiksio yenye iko na asiransi na mutu wa kulipa kama imeanguka. Hainunuliwi, inakodiwa na piloti wake.

Helikopta njo ilikuwa hiyo kazi tangu zamani, na ku Marekani mpaka Septemba 2014 njo FAA, wenye anga ya kiraia ya kule, iliruhusu makampuni 6 ya kwanza ya sinema kuruka droni kwa kazi. Leo helikopta inabakia kwa mwendo wa mbali na wa mbio, kufuata treni kilometre na kilometre, kitu chenye droni haiwezi sababu ya batri na umbali. Kama uko na budje ya helikopta haungekuwa unasoma hapa.

Krani ya vyuma, na ndugu yake ngazi

Hii watu wanaidharau, na mi naona ku filme ya hadisi njo ingekuwa ya kwanza. Yetu tulitengenezesha ku sudere, mirija ya aluminiamu, mukono wa metre 3 mbele na metre 1 nyuma, juu ya tripie nzito.

Mwendo: kupanda, kushuka, kupita pembeni, kutoka ku uso wa mutu mpaka juu ya kichwa yake. Droni haiwezi kuanza sentimetre 30 kutoka ku uso wa mutu, na hapa njo hadisi mingi zinakaa. Mwisho wake ni metre 4, ao 5 ukiiweka juu ya motokari. Ukitaka kuonyesha muji wote, haina kitu.

Picha: ni kamera yako yenyewe, ile ya plani zingine zote, rangi zinaungana bila kupigana. Kelele: hakuna. Waigizaji wanasema maneno yao, mikro inakamata, unaenda nyumbani na sauti ya kweli. Batri: haijui delestaje ni nini. Upepo unaisumbua kidogo, mutu mumoja anashika kamba. Karatasi ya anga haihitaji, ya fasi ndiyo.

Uzito: kamera ya kilo 2 ku metre 3 inaomba kilo 6 ku metre 1 nyuma, mbili mara tatu, sita mara moja, alafu unaongeza kwa uzito wa mukono wenyewe. Sisi tunatumia mifuko ya muchanga. Na sikia vizuri hapa: ku mwisho wa kazi, toa muchanga mbele, kamera njo inafuata, mutu mwingine akishika mukono. Ukitoa kamera mbele, ule mukono unapanda na kilo zote za nyuma zinashuka, na mwenye alikuwa ameinama pale anapoteza meno.

Matatizo: inabebwa na watu watatu, inaomba nusu saa kuisimamisha, na ukibadilisha mawazo inaomba nusu saa ingine. Kwa reportaje ni hapana. Bei ilikuwa chini ya droni ndogo, na ikianguka sudere iko pale pale.

Sasa, kwa hali yako

Kama unafanya arusi na klipu peke yako: ile ndogo, filtre ya 64 na ya 128, batri tatu. FPV itakuja mwaka wenye wateja wataanza kuiomba kwa jina. Ukiwa na peti wa kukuangalilia na masaa ya kujifunza, unaweza kugeuza, FPV kwanza, sale za feti hapa zinapenda hiyo.

Kama ni televizio, habari za leo zinatoka leo: ndogo, na ruhusa yenye umeshaitengeneza mbele, siyo asubuhi ile. Siku karatasi haijatoka, paa ya simiti na tripie, na objektifi ndefu.

Kama ni dokumentere ya mashamba, ya mito, ya Kundelungu kule Lofoi inaanguka: ya katikati, sababu ya 70 na ya dakika. Na tarehe inabeba zaidi ya mashini, mwezi wa 8 na wa 9 watu wanachoma majani, moshi unajaza anga, kila kitu ni kijivu ata ukiweka Inspire. Ngojea mvula mbili tatu za kwanza, hewa inaoshwa, unaona mbali mpaka unashangaa. Ila kama hadisi yenyewe ni ya moto na vumbi, basi enda sasa, na weka karpeti chini ya mashini ku dekolaje, ile vumbi nyekundu inaingia mu mukono wa kamera na haitoki.

Kama ni filme ya hadisi na waigizaji wanasema: krani, na siku moja ya kukodi droni ya katikati na mwenyewe. Andika plani zako za juu ku karatasi mbele, zikipita tano uliza realizatere anaficha nini.

Kama ni pub ya kampuni kubwa na wanasema "tunataka sawa sinema": wacha walete Inspire na piloti wake, wewe ingia kama kadrere wa telekomande ya pili, utajifunza siku moja kitu chenye mwaka haukukufundisha.

Na kama umebakia na dola mia moja tu na mashini uko nayo tayari, usizunguke ku mukono wa pili kutafuta ingine. Nunua batri moja zaidi, filtre, na pakiti mbili za elisi, zile za sasa ziangalie ku jua, pitisha ukucha ku ncha. Yenye inashika ukucha imeshapasuka.